Kuhudumia wazee: ni huruma tu, au kuna masomo?

Hapa Bukavu, kijana akisema anataka kusomea kazi ya kijamii upande wa wazee, mara nyingi huulizwa: "Kwani kumtunza mzee wako kunasomewa?" Imani ni kwamba kazi hiyo ni huruma na subira, vitu ambavyo familia inavyo tayari. Inaeleweka: wazee wetu wengi wanaishi na watoto na wajukuu, na hao ndio wanaowachotea maji.

Lakini asistanti sosiali, yaani aliyesomea kazi hiyo ya kijamii, hachukui nafasi ya mjukuu. Tuseme kuna mama mkaazi wa Kadutu, hapa hapa Bukavu, miaka 78, muuza makaa asiyekosea hesabu. Ndani ya siku mbili anaanza kuchanganya majina ya wanawe. Jirani mmoja atasema ni uzee, mwingine atanong'ona uchawi. Aliyesoma anajua kwamba kuchanganyikiwa kwa ghafla huweza kuletwa na maambukizi, upungufu wa maji mwilini au dawa, na kwamba ni safari ya hospitali leo, si kesho. Yeye hatibu. Anauliza, anaandika, anasindikiza, kisha anakaa na ndugu wanaobishana nani alipe (hapo, kwa maoni yangu, ndipo penye jasho).

Ukitaka kuhakikisha, omba chuoni orodha ya masomo uone kama kuna saikolojia, sheria, afya ya jamii na staji (mazoezi ya kazi). Uliza kama chuo kina kibali cha serikali. Halafu mtafute anayeifanya kazi hiyo, umuulize jana alishinda akifanya nini.