Upimaji na uchimbaji wa kiakiolojia: mfano wa Wales

Akiolojia ikitajwa, wengi huona shimo, mwiko na fuvu. Shimo lipo kweli, ila huja mwishoni, na mara nyingi halihitajiki kabisa. Kazi ina pande mbili. Upimaji ni kuchunguza eneo bila kulivunja: kulitembea, kulipiga picha kutoka angani, kupima sumaku ya udongo, kupekua ramani na hati za zamani. Uchimbaji ni kuondoa udongo tabaka kwa tabaka ili kuona kilichofukiwa, huku kila hatua ikichorwa na kuandikwa. Upimaji unaweza kurudiwa hata mara kumi. Tabaka likishachimbwa halipo tena, kinachobaki ni daftari, michoro, picha na vitu vilivyookotwa.

Wales, upande wa magharibi wa kisiwa cha Britania, inatufundisha hili vizuri. Tangu 1908 ina Tume ya Kifalme ya kuorodhesha mambo yake ya kale, ambayo makao yake yako Aberystwyth. Ngome za vilimani, makaburi ya mawe, makanisa, migodi, vyote huingizwa kwenye kumbukumbu hata kama hakuna aliyegusa udongo wake.

Kiangazi cha 2018 kilikuwa kikavu mno huko. Wataalamu wa Tume waliruka na ndege ndogo wakaona michoro ikijitokeza mashambani: miduara, mistari, pembe nne. Mkulima yeyote ataelewa sababu, kwa maana mahindi yaliyoota palipokuwa na shimo la taka hustawi kuliko wenzake. Handaki la kale lililojaa udongo hushika unyevu, kwa hiyo mimea iliyo juu yake hubaki kijani wakati mingine inakauka. Penye msingi wa ukuta wa mawe huwa kinyume, majani hunyauka mapema. Mvua ikirudi, michoro hufutika, hivyo picha zilipaswa kupigwa katika majuma yale yale machache.

Mahali ninapopapenda zaidi kwa kueleza jambo hili ni Caerleon, kusini mwa Wales, palipokuwa na ngome ya Legioni ya Pili Augusta, kikosi kikubwa cha jeshi la Warumi, kilichofika hapo miaka ya 70 baada ya Kristo. Palikuwa na bonde la duara lililoota nyasi, na wenyeji waliliita Meza ya Duara ya Mfalme Arthur, yule mfalme wa ngano za Britania. Mwaka 1926 na 1927 lilichimbwa, likatoka uwanja wa maonyesho wa Kirumi uliokuwa ukichukua watazamaji wapatao 6,000. Mradi ulikuwa wa mwanaakiolojia Mortimer Wheeler, lakini yeye alihamia London, na sehemu kubwa ya usimamizi ikamwangukia mkewe Tessa. Jina lake lastahili kutajwa kila uwanja huo unapotajwa. Wheeler huyo huyo alifika pwani ya Tanganyika mwaka 1955, akastaajabia wingi wa vigae vya kauri za China huko Kilwa.

Sasa tazama kilichotokea baadaye hapo hapo Caerleon. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cardiff, wakijifunza kutumia vipimo vya sumaku kwenye uwanja wa nyasi kati ya ngome na mto Usk, waliona kwenye kompyuta mpangilio wa majengo makubwa ambayo hakuna aliyejua yapo. Hakuna jembe lililoinuliwa. Ukuta, tanuri na udongo ulioungua hubadilisha kidogo sumaku ya ardhi, na kifaa husoma badiliko hilo kikipitishwa juu ya nyasi.

Kuchimba bila utaratibu kuna gharama. Mwaka 1823 William Buckland, mwalimu wa jiolojia Oxford, alifukua mifupa iliyopakwa udongo mwekundu katika pango la Paviland, rasi ya Gower. Alisema ni mwanamke wa enzi za Warumi. Leo tunajua ni mwanamume kijana, aliyezikwa miaka ipatayo 33,000 iliyopita. Jibu hilo lilitoka maabara, katika mifupa yenyewe, kwa sababu matabaka yaliyoizunguka yaliondolewa kabla ya mtu kuyarekodi inavyotakiwa. Kanuni ya matabaka ni rahisi: la chini ni la zamani kuliko la juu, isipokuwa kama kuna shimo au mzizi uliolivuruga. Kitu kilichong'olewa kutoka tabaka lake hupoteza sehemu kubwa ya ushahidi wake, hata kiwe cha dhahabu.

Ndiyo maana maeneo yaliyoorodheshwa kisheria Wales hayachimbwi bila idhini, ambayo hushughulikiwa na idara iitwayo Cadw, na kupitisha humo kifaa cha kutafutia chuma bila kibali ni kosa.

Je, ni wakati gani basi inafaa kuchimba? Pale ambapo kutochimba nako ni kupoteza. Ngome ya Dinas Dinlle, pwani ya kaskazini-magharibi, iko juu ya genge la udongo linalomegwa na bahari, na upande wake mmoja umekwisha kuanguka. Ilipimwa kwanza kwa vipimo vya ardhini na kutoka angani, kisha kuanzia 2019 wakachimba karibu na ukingo na kufunua nyumba ya duara ya mawe. Hapo kuiacha nyumba ardhini isingekuwa kuihifadhi, kwa kuwa bahari ingeichukua bila kuandika chochote.