Kabla hujapunguza dozi, uliza jina la dawa

Mama mmoja wa makamo alisimama dirishani kwetu, akanipa cheti cha daktari, kisha akafungua fundo la kanga na kuhesabu noti zake. Presha na kisukari, dawa za mwezi mzima. "Mwanangu, hizi zitanifikisha siku ngapi?"

Swali hilo hutuumiza sana sisi wafamasia, kwa sababu tunajua kinachofuata. Mgonjwa ananunua za siku kumi, anakunywa leo, anaruka kesho, ili zimfikishe mwisho wa mwezi. Presha haimsubiri. Inaendelea kuumiza figo na moyo kimyakimya, na siku ya kiharusi familia itauza hata kiwanja.

Tukakisoma cheti pamoja. Dawa ya presha ilikuwa imeandikwa Norvasc. Hilo ni jina la kibiashara, ila kinachotibu ndani ya kile kidonge kinaitwa amlodipine, na amlodipine inatengenezwa na viwanda vingi kwa bei tofauti kabisa. Vivyo hivyo kwa Glucophage na metformin, au Panadol na paracetamol mnayoijua wote. Kampuni iliyogundua dawa hulindwa na hataza, yaani haki ya kisheria ya kuitengeneza peke yake, kwa kawaida miaka 20. Ikiisha, viwanda vingine vinaruhusiwa kuitengeneza, na kwa kuwa havikubeba gharama ya ule utafiti wa mwanzo, bei hushuka. Mama yule aliondoka na dawa za mwezi mzima, na nauli ikabaki.

Kwa hiyo ukipewa cheti, uliza: "Jina la kitaalamu la dawa hii ni lipi, na mnayo ya bei nafuu zaidi?" Si aibu. Hata mwongozo wa matibabu wa Wizara ya Afya ya Tanzania unataka dawa ziandikwe kwa jina hilo.

Najua wengi wataniambia, "Hizo za Kihindi hazifanyi kazi." Naielewa hofu hiyo, lakini si sahihi. Dawa haisajiliwi nchini mpaka ichunguzwe na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Mwaka 2018, ikiwa bado inaitwa TFDA, mamlaka hiyo ilikuwa ya kwanza Afrika kutambuliwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imefikia daraja la 3 la udhibiti wa dawa, yaani mfumo wake ni thabiti na unafanya kazi vizuri. Unafuu wa kuogopa ni ule wa mchuuzi wa ndani ya basi au mnadani, dawa zimepigwa jua na boksi halipo. Pia, kama unatumia dawa za kifafa au warfarin, ile ya kuzuia damu kuganda, usibadilishe chapa bila kumwambia daktari wako, maana kwa dawa hizo hata tofauti ndogo mwilini ina uzito.

Cheti kikiwa na dawa sita na pesa ni ya nne, usijichagulie mwenyewe. Mwambie daktari au mfamasia wazi kiasi ulichonacho, aseme ipi ni ya lazima na ipi inaweza kusubiri. Mara nyingi vitamini ndizo zinazosubiri. Antibayotiki haikatwi nusu. Ukinunua nusu dozi, unaweza kupata nafuu huku vimelea vilivyobaki vikirudi kwa nguvu, na safari ya pili utaandikiwa dawa ya ghali zaidi. Wala usivunje kidonge ili ukigawe kabla ya kuuliza. Vile vinavyotoa dawa polepole, ukivivunja, dawa yote hutoka kwa mkupuo.

Zipo pia dawa ambazo hupaswi kuzilipia. Za kifua kikuu na ARV ni bure katika vituo vya serikali. Wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana msamaha wa matibabu. Anza kwa ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla hujaenda kukopa.

La mwisho: siku ya kliniki, beba dawa zako zote kwenye mfuko, pamoja na maboksi yake. Kuna mzee alinimwagia mfuko wake mezani, miguu ikiwa imemvimba hadi viatu havimwingii. Ndani yake mlikuwa na pakiti mbili za majina tofauti kutoka vituo viwili, na zote mbili zilikuwa amlodipine. Ya tatu ilikuwa dawa ya kukojoza, aliyopewa kwa ajili ya huo uvimbe, na uvimbe wenyewe ulitokana na dozi maradufu. Nikampeleka kwa daktari na mfuko wake mkononi. Mwezi uliofuata alirudi kuchukua dawa moja tu, amevaa viatu.