Je, wajua kwa nini chupa ya Maker's Mark imechuruzikwa nta nyekundu shingoni?

Kwenye shelfu ya pombe kali kuna chupa moja huwezi kuipotea, ile shingo yake imevaa nta nyekundu imechuruzika kama mshumaa uliosahaulika dirishani. Hiyo ni Maker's Mark, bourbon (yaani wiski ya mahindi) ya Kentucky huko Marekani, na wengi wanadhani nta imewekwa pombe isivuje. Wapi! Kizibo kinatosha kabisa. Ile nta ni akili ya mama mmoja, Margie Samuels, na bila yeye sidhani kama tungekuwa tunaongelea hii kitu leo.

Iko hivi. Mume wake, Bill Samuels, alitoka kwenye ukoo uliopika wiski vizazi na vizazi, ila yeye wiski ya kwao ilikuwa haimpandi, inakwangua koo. Mwaka 1953 akanunua kiwanda kilichochoka pale Loretto kwa dola 35,000, na wanasimulia kwamba resipe ya ukoo aliitia kiberiti, eti mpaka pazia la nyumbani likashika moto. Ya pazia mi siweki mkono kwenye msahafu.

Sasa sheria ya Marekani inasema bourbon lazima mahindi yafike angalau asilimia 51, halafu ikae kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa ndani. Hapo mpishi hana ujanja, uhuru wake uko kwenye nafaka zinazobaki. Wengi wanatia rai, nafaka jamaa ya ngano yenye ukali wa pilipili, Bill yeye akataka kitu laini. Tatizo wiski inakaa pipani miaka, sa utajuaje umepatia, usubiri mpaka uzeeke? Wakaoka mikate! Mchanganyiko huu mkate wake, ule mkate wake, wanakula wanalinganisha, na wa ngano ukashinda. Mpaka leo ni mahindi 70, ngano 16 na kimea cha shayiri 14 kwa mia.

Chupa za kwanza zikatoka 1958, na hapo ndo mama Margie akaingia kazini. Jina ni lake, kalitoa kwenye alama ambazo mafundi wa vyombo vya madini walikuwa wanagonga kwenye kazi zao, umbo la chupa ni lake, lebo ni yake, na nta kaiga kwenye chupa za zamani za konyaki, ile brandi ya Kifaransa, alizokuwa anakusanya, akajaribu mwenyewe nyumbani kuchovya mpaka ikakubali. Mumewe anahangaika na ladha, mke anajua mtu dukani haonji, anaangalia tu. Mwaka 2014 wakamwingiza kwenye orodha ya heshima ya watu wa bourbon huko Kentucky.

Na hiyo nta si mchezo, ina kesi kabisa. Jose Cuervo, wale wa tekila, waliwahi kutoa chupa yenye nta nyekundu inayochuruzika, wakapelekwa mahakamani na mwaka 2012 mahakama ya rufaa ikasema hapana, huo mchuruziko mwekundu ni wa Maker's Mark.

Kiwanda chenyewe bado kiko Loretto, majengo meusi, vifuniko vya madirisha vyekundu vyenye tundu la umbo la chupa, na mapipa wanayahamisha, yale ya juu kwenye joto yanashushwa chini ili yaive sawasawa. Wateja wake nao wakali. Februari 2013 kampuni ilitangaza kupunguza kilevi kutoka asilimia 45 hadi 42 sababu mzigo hautoshi, watu wakawaka, haikupita hata wiki mbili wakarudisha 45 na kuomba radhi.

Nta yenyewe hakuna mashine inayoipaka. Mfanyakazi anashika chupa, anaichovya kichwa chini, anaigeuza, ikichuruzika ndefu au fupi ndo hivyo hivyo inaenda dukani.