Sufu ya lama huanzia mguuni

Mtu akishika blanketi la sufu ya lama kwa mara ya kwanza, swali hulifuata blanketi: je, ni kweli kitu hiki kina nafuu kwa mazingira kuliko kilichofumwa kwa nyuzi za plastiki? Jibu langu ni ndiyo. Lakini sababu kubwa hazimo ndani ya blanketi. Zimo miguuni mwa mnyama, mdomoni mwake na kwenye lundo la samadi yake. Kwa hiyo ninapoeleza habari za nyuzi hizi huanzia chini, ardhini.

Lama ni ndugu wa ngamia, ila hana nundu. Kwao ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, ambako wafugaji wa kale walimpata kwa kumfuga guanako, mnyama wa porini ambaye yupo hadi leo. Kazi hiyo ilianza zaidi ya miaka 6,000 iliyopita. Bolivia ndiyo nchi yenye lama wengi kuliko zote. Jirani yake Peru inafahamika zaidi kwa alpaka, mnyama mdogo kuliko lama na mwenye sufu laini zaidi. Lama wengi huishi kwenye nyanda zilizo mita 3,500 hadi zaidi ya 4,000 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi, usiku wa miezi ya ukame maji huganda, na malisho ni ichu, nyasi ngumu zinazoota vishungi vishungi. Udongo wa mahali hapo ni mwembamba na mimea hukua polepole mno. Udongo huo ukichubuka leo, kidonda hicho watakirithi wajukuu.

Sasa mtazame lama akitembea. Hana kwato ngumu kama za kondoo, mbuzi au ng'ombe. Kila mguu una vidole viwili vyenye kucha kwa mbele, na chini yake kuna nyama nene iliyofunikwa ngozi. Ukiuinua unyayo na kuubonyeza kwa kidole gumba, unabonyea kidogo kisha unarudi. Mnyama akikanyaga, nyama ile hutanuka na uzito wake husambaa. Pale kwenye mteremko ambapo ukwato huacha mkato, na mkato ule ukageuka mfereji siku mvua ikinyesha, unyayo wa lama huacha alama hafifu tu. Hatua moja haina neno. Lakini kundi hupita njia ileile asubuhi na jioni, mwaka mzima, na hapo ndipo tofauti inapoonekana.

Mdomo nao una kazi yake. Mdomo wa juu umepasuka katikati na kila upande hujongea peke yake, hivyo lama huchagua jani analolitaka, akalikata kwa meno ya chini na kuacha mzizi mahali pake. Nyasi kavu zenye lishe haba, ambazo kondoo hazimfikishi mbali, lama hunufaika nazo zaidi kwa sababu chakula hukaa muda mrefu tumboni mwake kikisagwa na vijidudu. Maana yake kwa mazingira ni kubwa: hakuna haja ya kulima mahindi wala soya kwa ajili yake, na hakuna msitu wa kufyeka ili apate chakula. Anakula kinachoota pale alipo.

Hapa inabidi niseme jambo moja kwa uangalifu, kwa kuwa limeenea likiwa limepotoshwa. Wako wanaodai kwamba lama hatoi methani, gesi ya tumboni inayochangia kuongeza joto duniani. Anatoa, kama mnyama yeyote anayecheua. Vipimo vilivyofanywa kwa jamii ya ngamia vimeonyesha kwamba methani yao kwa kila kilo ya chakula kilichosagwa inakaribiana na ya ng'ombe au kondoo. Nafuu inatokana na kwamba wao hula kidogo wakilinganishwa na uzito wa miili yao, kwa hiyo gesi kwa kila mnyama inakuwa pungufu. Nafuu hiyo ni ya kweli, haihitaji kutiwa chumvi.

Tuje kwenye samadi, ambayo kwangu ndiyo kiini cha habari yote. Lama hasambazi kinyesi ovyo malishoni. Kundi zima huenda mahali pamoja, siku baada ya siku, mpaka panakuwa na lundo. Mfugaji hana haja ya kuzunguka akiokota. Anafika na koleo na gunia. Samadi ikikauka huwa punje ngumu mithili ya maharage meusi, na huko Andes huitwa takia, hutumika kama kuni mahali ambapo miti haioti. Inayobaki huenda shambani.

Karibu na Cuzco, nchini Peru, lipo bonde la Marcacocha ambalo zamani lilikuwa ziwa dogo. Wanasayansi walitoboa tope lake wakasoma matabaka yake kama mtu anayefunua kurasa. Walikuta kwamba miaka 2,700 hivi iliyopita chavua ya mahindi ilianza kuonekana, na wakati huohuo wakaongezeka wadudu wadogo sana wanaoishi kwenye kinyesi cha wanyama. Tafsiri yao ni kwamba samadi ya lama ndiyo iliyowezesha mahindi kustawi kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 3,300, karne nyingi kabla ya dola ya Inka.

Samadi hiyohiyo bado inafanya kazi leo. Kwenye safu ya Cordillera Blanca, pia nchini Peru, barafu inayeyuka na kuacha nyuma mawe matupu yasiyo na udongo. Kuanzia 2019 hadi 2022, watafiti na wafugaji wa huko waliweka lama kwenye vizimba mbele ya barafu ya Uruashraju, mahali ambapo pangechukua miongo mingi kuota chochote cha maana. Kaboni na naitrojeni kwenye udongo viliongezeka, na mimea ikafunika eneo kubwa zaidi kuliko sehemu za jirani ambazo lama hawakufika. Mbegu zilisafiri ndani ya matumbo na kwenye manyoya yao, zikashuka zikiwa na mbolea yake tayari.

Kinyume chake pia tumekiona. Kusini mwa Bolivia, kuzunguka jangwa la chumvi la Uyuni, desturi ilikuwa kulima kwinoa, zao la Andes lenye mbegu ndogo zinazoliwa kama nafaka, miteremkoni na kuwaachia lama tambarare. Bei ya kwinoa ilipopaa, hasa kuelekea 2013, mwaka ambao Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa wa zao hilo, matrekta yalishuka tambarare. Vichaka na nyasi viling'olewa, makundi ya lama yakapungua. Udongo wa pale ni wa kichanga na unahitaji samadi, na samadi ilikuwa ya lama. Upepo ukaanza kuubeba. Kisha bei ya kwinoa ikashuka, na malisho yaliyolimwa hayarudi kwa msimu mmoja.

Ndipo sufu inapoingia. Bolivia lama wengi hufugwa kwa ajili ya nyama, na sufu yao mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini. Lakini nyama hulipa mara moja, mnyama akiwa amekufa. Sufu hulipa kila anapokatwa manyoya, kwa kawaida mara moja kwa mwaka au kila miaka miwili, kilo moja hadi tatu hivi kwa mnyama mmoja, na lama anaweza kuishi miaka 15 na kuendelea. Miaka yote hiyo anakanyaga polepole, anakula ichu na kujaza lundo la samadi. Mfugaji anayepata bei ya haki kwa nyuzi ana sababu ya kuacha tambarare iwe malisho.

Sufu yenyewe ina wema wake. Chukua fungu la sufu mbichi ya kondoo ulisugue vidoleni: utabaki na mafuta yanayonata. Fanya hivyo kwa sufu ya lama, utabaki na vumbi tu. Mafuta yake ni kidogo sana. Kiwandani hilo huokoa maji ya moto, sabuni na maji machafu yenye grisi ya kusafishwa. Kati ya kilo 10 za sufu ya lama, takriban 9 hubaki baada ya kuoshwa, ilhali sufu laini ya kondoo inaweza kupoteza theluthi moja ya uzito wake au zaidi. Rangi pia zipo tayari: nyeupe, nyeusi, kijivu, na kahawia za kila aina kuanzia ya maziwa hadi ya udongo. Kitambaa kinaweza kufumwa kikawa na mistari minne bila tone la rangi ya kemikali.

Kazi iko kwenye kutenganisha. Lama ana manyoya ya aina mbili: ya juu ni marefu na magumu, ya chini ni laini na ndiyo yanayofaa kuvaliwa. Mkono uliozoea huchomoa nywele moja moja. Mashine hufanya kwa wingi. Zile ngumu husokotwa kamba, hufumwa magunia na mazulia, kwa hiyo hazipotei. Nyingi kati ya nyuzi hizi zina uwazi wa hewa katikati, ndiyo maana blanketi la lama hutia joto bila kuwa zito.

Mwisho wa maisha yake sufu huoza. Ni protini, kama nywele zako, na udongo huila. Poliesta hutengenezwa kwa mafuta ya petroli, na kila ikifuliwa humwaga vijinyuzi visivyoonekana kwa macho. Makadirio yaliyotolewa 2017 na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili, IUCN, yanasema kufua nguo za aina hiyo kunachangia asilimia 35 hivi ya plastiki zinazoingia baharini zikiwa tayari ni chembechembe.

Yote haya yana sharti moja, nalo ni idadi. Lama wakizidi uwezo wa malisho, unyayo laini hausaidii. Nyasi huisha na ardhi hubaki wazi kama ilivyo kwa kondoo. Ardhioevu za juu, ziitwazo bofedali, ambazo huhifadhi maji na mboji nzito, huumia haraka zaidi kundi lisipohamishwa kwa wakati. Wafugaji wa Andes wanajua hili na wana mizunguko yao ya malisho. Utaratibu huo huvunjika pale kipato cha kichwa kimoja kinapokuwa kidogo mno na njia iliyobaki ni kuongeza vichwa.

Ukinunua, soma lebo. Neno sufu peke yake halitoshi. Angalia asilimia ya nyuzi za plastiki kama akriliki au poliesta, kwa maana mchanganyiko hauozi wala hauchakatwi upya kwa urahisi. Ukitilia shaka, vuta uzi mmoja uuchome kwa kiberiti: sufu hunuka nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika vidoleni, plastiki huyeyuka ikawa shanga ngumu. Pendelea ile isiyotiwa rangi. Na usiifue kila mara. Ianike kivulini penye upepo usiku mmoja, harufu itatoka yenyewe.