Mlango uliozibwa Mkomani

Niliitwa Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu, kutazama dari iliyolegea. Nyumba ni ya mawe, ya ghorofa, na kwa umbo lake naikisia ni ya karne ya 18, rika moja na ile nyumba ya mjini iliyofanywa makumbusho. Bibi mwenye nyumba alinipokea tekani, ukumbi wa kuingilia, akasema, "Angalia boriti tu, mwanangu, usinichimbulie kuta." Nilimkubalia. Sikutimiza.

Chumba kikubwa hapo hakifiki mita 3 kwa upana, ingawa urefu wake ni mara tatu ya huo. Wageni hudhani wazee walipenda vyumba vyembamba. Boriti ndiyo iliyoamua: mti wa mkoko ukizidi urefu huo hupinda kwa uzito wa dari ya mawe na chokaa. Kwa hiyo nyumba ya Kiamu, yaani ya Lamu, hurefuka na kuingia ndani. Unatoka daka, baraza ya mlangoni, hadi tekani, kiwanda ambacho ni uwanja wa ndani, msana wa tini na msana wa yuu, kumbi mbili ndefu zinazofuatana, kisha chumba kiitwacho ndani, na nyumba kuu, ambako watu wamezaliwa na maiti wameoshwa. Kadiri unavyosogea ndani, zidaka, vishubaka vya ukutani, nazo huzidi kupambwa.

Ghorofani, ukuta wa upande wa njia ulikuwa na ufa. Ulipanda wima, ukakunja tao, ukashuka tena. Ufa wa kawaida haukunji tao. Niligonga kwa kifundo cha kidole, pakalia wazi. Nikashuka njiani, pembamba kiasi cha kupisha punda mmoja, nikatazama juu: matundu matano ya boriti kwenye mstari mmoja, yamejazwa saruji. Ng'ambo, kwenye ukuta wa jirani, matano mengine sawia nayo.

Hapo palikuwa na wikio, chumba kinachovuka njia. Baba wa Lamu mwenye uwezo alimpa binti nyumba akiolewa, bwana harusi akahamia kwa mke. Nyumba ya binti ikiwa ng'ambo, chumba hujengwa juu ya njia, wanawake wakapita wakitembeleana bila kushuka mtaani.

Nilipomwambia bibi, alicheka kidogo. "Ng'ambo alipewa dada yake nyanya yangu. Wana wao wakakosana kwa urithi. Wikio lilipoanguka hakuna aliyetaka kulijenga, wakaziba mlango."

Sasa dari. Aliyeziba alitumia mawe na udongo, si neno. Miaka ya karibuni fundi mmoja akaja kupiga saruji juu yake, ndani na nje. Mawe haya ya matumbawe hunyonya maji na chumvi, na lipu ya chokaa huyaachia yatoke. Saruji huyafungia. Nilipobandua kipande cha ukubwa wa kiganja, maji yalining'inia kwenye jiwe, na ncha ya boriti iliyoegemea hapo ilichimbika kwa kijiko. Mji uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, lakini orodha haikaushi ukuta.

Tutabandua saruji yote, tuache ukuta upumue miezi kadhaa, tubadilishe boriti tatu, kisha tupige chokaa iliyolowekwa ikakomaa. Nilimuuliza bibi kama anataka mlango ufunguliwe, walau uwe dirisha.

"Ng'ambo siku hizi ni nyumba ya wageni," akasema. "Nifungue niwaone wakianika chupi? Ziba, mwanangu. Ila kwa chokaa."