Jointi ya mbao ikikaza sana sio ndo imara

Huku karakana kuna vitu tunaambiana mpaka vinakuwa sheria, na cha kwanza ni hiki cha kwamba ulimi (ile ncha inayochongwa nyembamba mwisho wa mbao) ukiingia kwenye tundu (shimo lake kwenye mbao nyingine) kwa kugongwa na nyundo nzito basi jointi ndo imekamata. Hapana jamani. Ulimi mzuri unausukuma kwa mkono, unaumalizia kwa kugonga taratibu na nyundo ya mbao, na ukiinua hiyo kazi juu haudondoki wenyewe. Ukiulazimisha, mbao yenye tundu inapasuka kufuata nyuzi zake na ufa wenyewe mara nyingi huuoni siku hiyo, unaonekana kitanda kikishaanza kulaliwa, au gundi inakombwa yote inaenda kujikusanya chini ya tundu halafu mashavu ya ulimi, yaani pande zake pana, yanabaki makavu.

Na wengine wanaunenepesha ulimi wakidhani ndo nguvu, wakati unene unaoongeza unakula kuta za tundu. Mbao ya inchi moja na nusu, ulimi nusu inchi, kuta zinabaki nusu inchi kila upande, basi.

"Weka gundi itajaza." Hii inaniuma kwa sababu mteja hawezi kuona. Gundi nyeupe ina maji mengi, maji yakitoka inasinyaa na pengo linarudi palepale, na ukichanganya na vumbi la msumeno unaziba macho tu. Lakini ubavu (upande wa mbao unaofuata nyuzi) ukigusana na ubavu vizuri, gundi hiyohiyo inashika mpaka ukivunja inachanika mbao na sio gundi. Ndo maana ya ulimi: kichwa cha mbao, pale mwisho ilipokatwa, kinanyonya gundi na hakishiki vizuri, ubavu ndo unashika.

Misumari je? Ukiipigilia karibu na kichwa mbao inapasuka, na huku pwani inashika kutu. Wazee wa Lamu walijenga mitepe, vyombo vyao vya tanga, kwa kushona mbao na kamba za nazi, bila msumari wa chuma hata mmoja, na ilikuwa inakwenda baharini.

Sasa kubwa kuliko yote, mbao "kavu". Niliwahi kununua paini, muuzaji akaniapia imekaa miezi, juu kweli ilikuwa kavu, nikatengeneza mlango, ndimi zikaingia safi kabisa, kiangazi kilipofika kila jointi ikawa na mwanya wa kupitisha kipande cha kadi. Mbao ikitoka kukatwa ina maji mengi na inaweza kupoteza sehemu kubwa bila kusinyaa hata kidogo, inaanza kusinyaa maji yakishuka chini ya karibu asilimia 30 ya uzito wake mkavu, kwa hiyo unaweza kushika mbao nyepesi ukaona imekauka kumbe kusinyaa kwenyewe ndo kwanza kunaanza. Halafu inasinyaa upana na unene, urefu karibu haubadiliki, ndo maana ulimi unalegea lakini mlango haupungui urefu. Mninga unatulia zaidi ila nao ukiwa mbichi usiuamini. Mimi siku hizi nakata kipande, napima kwenye mizani, naandika uzito na tarehe kwa penseli hapohapo juu yake, naupima tena kila wiki. Ukiacha kushuka ndo naanza kazi, na mteja mwenye haraka namwambia hivyohivyo asubiri.

Mwisho hii ya kupima kila kitu kwa futi, ile tepu ya kupimia. Futi inakupa urefu, ila ulimi usiupime kwa namba. Chonga tundu kwanza kwa patasi utakayotumia, kisha chora ulimi kwa kulinganisha na tundu lenyewe, na uchore kwa kisu badala ya penseli, maana penseli ina unene wake na hujui ukate upande gani wa mstari, ila kisu kinaacha kimfereji ambacho ncha ya patasi inakaa yenyewe bila kuteleza.