Je, wajua kwa nini ndege za Condor zilishambulia meli karibu ziguse maji?

Ukitajiwa ndege ya Kijerumani ya injini 4 iliyowinda meli za Uingereza katika Atlantiki, ni rahisi kudhani ilibuniwa kwa vita na ilimwaga mabomu kutoka mawinguni. Sivyo. Focke-Wulf Fw 200 Condor ilizaliwa ndege ya abiria. Agosti 1938 iliruka Berlin hadi New York bila kutua, saa 25 hivi. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza, Ujerumani haikuwa na nyingine ya kufika mbali vile, basi Condor ikafungwa bunduki na mabomu na kupewa kikosi cha KG 40, kilichohamia Bordeaux, Ufaransa, mwaka 1940. Lakini mwili wake ulibaki wa ndege ya abiria: baadhi zilivunjika mgongo zikitua tu.

Mawinguni nako hazikukaa. Mwanzoni hazikuwa na kifaa cha maana cha kulengea mabomu. Bomu likiachiwa mita 3,000 juu huchukua sekunde 25 hivi kufika majini, na meli ya mizigo yenye kasi ya noti 10 (kama kilomita 18 kwa saa) itakuwa imesogea mita 120 na zaidi, takriban urefu wake mzima. Kutoka mita 50 ni sekunde 3 na ushee. Meli imesogea mita 16 tu.

Tena bomu halidondoki wima. Utingo aliye juu ya lori linalokimbia, akitaka kumrushia mwenzake kifurushi kando ya barabara, hukiachia kabla ya kumfikia, kwa kuwa kifurushi kinaendelea na mwendo wa lori. Rubani wa Condor naye aliachia bomu akiwa mita 200 na kitu kabla ya meli, likaenda lenyewe kugonga ubavu. Fyuzi, yaani kiwashio cha bomu, ilitegwa ichelewe, asije akalipuliwa na bomu lake.

Hivyo ndivyo Oktoba 26, 1940 rubani wa KG 40, Bernhard Jope, alivyoiwasha moto meli ya abiria ya Uingereza, Empress of Britain, tani 42,000, magharibi ya Ireland. Siku 2 baadaye, ikiwa inavutwa, nyambizi ya Kijerumani U-32 iliimaliza kwa torpido. Nani basi aliizamisha? Hesabu za ushindi za vikosi hivi zisomwe kwa tahadhari.

Ujanja huu ulifaa kwa meli isiyo na mizinga. Meli zilipofungwa silaha, ndege kubwa iliyo mita 50 juu ikawa shabaha ya wazi, na kufikia katikati ya 1941 marubani waliagizwa waripoti misafara ya meli badala ya kuivamia. Agosti 3 mwaka huo Condor moja iliangushwa na ndege ya kivita ya Uingereza, Hurricane, iliyofyatuliwa kwa roketi kutoka meli HMS Maplin. Rubani wa Hurricane hiyo, Robert Everett, mshindi wa mbio za farasi za Grand National za 1929, hakuwa na pa kutua. Aliitumbukiza baharini, akaokotwa.